Kitanda cha Mninga Chavuka Mutukula

Begi lilishuka Masaka bila sisi. Lilikuwa begi dogo la buluu, na ndani yake mlikuwa na magauni matatu ya mtoto, viatu vya ngozi vinavyoenea kwenye kiganja changu, kikombe chenye mfuniko, na kifuko cha bolti kumi na mbili pamoja na nati zake. Abiria mmoja mwenye begi lililofanana na letu alikuwa na haraka ya kushuka. Akachukua la kwetu, la kwake akatuachia. Tulipolifungua Kampala, saa mbili usiku, tulikuta vitenge viwili, chupa ya samli na daftari la mauzo. Mume wangu alikaa juu ya mbao zake pale stendi, daftari la mtu mikononi, asiseme kitu. Mbao zile zilikuwa kitanda cha mtoto, lakini bila bolti zake zilikuwa kuni.

Mume wangu ni seremala. Pale Mabatini, Mwanza, kila mtu anamwita Fundi, na mimi pia ndivyo ninavyomwita. Kitanda hicho alikichonga kwa mninga, jioni baada ya kazi za wateja, miezi miwili mizima, akapiga msasa kila pembe mpaka ukipitisha shavu hupati mkwaruzo. Watu walimwambia Uganda mbao zipo, tena Ndeeba kuna mitaa ya mbao na maseremala watupu. Aliwajibu kwamba mtoto anayelala chumba kimoja na wenzake ishirini anastahili kuwa na kitu kimoja duniani kilichotengenezwa kwa ajili yake tu. Basi tukakifungua vipande vipande, tukakizungushia blanketi. Kikapanda meli jioni Mwanza, kikashuka Bukoba asubuhi, kikafungwa juu ya basi, kikakaguliwa mpakani Mutukula. Ofisa wa forodha aliuliza kama ni bidhaa. Fundi akasema ni kitanda cha binti yetu. Yule ofisa akatazama nyuma yetu kumtafuta huyo binti.

Binti alikuwa Kampala. Mama yake ni mdogo wangu, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekwenda Kampala kuuza vitenge, akaolewa huko, na huko huko akafa mtoto akiwa na miezi saba. Baba, Mganda, alikuwa ametangulia kabla hata mtoto hajazaliwa. Upande wake alibaki bibi mmoja mgonjwa, asiyeweza kunyanyua ndoo, sembuse kulea. Mtoto akapelekwa kwenye nyumba ya watoto wachanga. Kampala ina nyumba za namna hiyo tangu mwaka 1929, ilipoanzishwa ile ya Sanyu, neno ambalo kwa Kiganda ni furaha. Ya mtoto wetu ni nyingine, ndogo, pembeni ya mji. Habari zilitufikia Mwanza mwaka mzima baada ya msiba.

Kwa lugha yetu shauri lilikuwa limekwisha hapo. Mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu. Mimi ni mama yake mkubwa tangu siku aliyozaliwa, nimjue nisimjue, na Fundi ni baba yake mkubwa. Kwetu Bukoba wazee wangemtuma kijana mmoja na nauli, akaenda, akarudi na mtoto mgongoni. Kumbe mtoto huyu ni raia wa Uganda, na mimi, mbele ya sheria ya Uganda, ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote aliyeshuka kwenye ndege Entebbe.

Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka asiye raia awe amekaa nchini angalau mwaka mmoja, na awe amemlea mtoto huyo angalau mwaka mmoja chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi wa jamii, ndipo Mahakama Kuu ilipokee ombi lake la kuasili. Zamani muda ulikuwa miaka mitatu, lakini wageni wengi, hasa kutoka Marekani, walipita mlango wa pembeni: waliomba mahakamani ulezi wa kisheria tu, wakaondoka na mtoto baada ya wiki chache, wakaenda kumuasili kwao. Watoto wenye wazazi hai waliandikwa yatima. Kuna kina mama waliotia kidole wakidhani mtoto anakwenda kusoma na atarudi. Marekebisho ya 2016 yaliufunga mlango huo kwa kuwaachia raia peke yao ulezi wa kisheria.

Niliposikia masharti hayo kwa mara ya kwanza nililia kwa hasira. Mwaka mzima! Karakana Fundi amwachie mdogo wake, nyumba tuipangishe, akiba ya miaka mitatu tuile kwenye kodi ya Kampala, na yote hayo ili nipewe mtoto ambaye tayari ni wangu? Niliona sheria imetuchanganya na watu wengine. Nayasema haya wazi kwa sababu ile hasira ndiyo niliyovuka nayo Mutukula, na siku tisa za kwanza ndizo zilizoiondoa.

Nyumba tuliyoipata iko Kibuye, upande unaopanda kwenda Makindye. Ni safu ya vyumba vya kupanga, vile ambavyo Kampala wanaviita mizigo, ila cha kwetu kina sebule ndogo na chumba cha kulala, na nje kuna mwembe. Mwenye nyumba ni Hajjati mmoja mpole. Jirani wa kushoto ni Nalongo, maana yake mama wa mapacha, na ukishakuwa Nalongo Buganda hakuna tena anayekutaja kwa jina la kuzaliwa. Jirani wa kulia ni bibi kizee tuliyeambiwa tumwite Jjajja.

Mimi ni Mhaya, nilijua lugha haitanipa shida. Maji kwetu ni amaizi, kwao ni amazzi. Moto ni omuliro huku na huku. Mtoto ni omwana huku na huku. Na kile ambacho Kihaya hakikunipa, Kiswahili kilinipa dukani: sabuni wanaiita sabbuuni, sahani ni essowaani, meza ni emmeeza, kiberiti ni ekibiriiti, dirisha ni eddirisa. Siku ya kwanza nilinunua vitu vya nyumba nzima nikijihisi niko kwa shangazi. Kisha nikatoka, nikamkuta Jjajja amekaa kwenye mkeka wake mlangoni, nikamsalimia kwa heshima yote niliyofundishwa: shikamoo, bibi.

Hakuitika. Alijivutia shuka mabegani akatazama pembeni.

Nalongo ndiye aliyenieleza jioni, kwa sauti ya chini. Ni kweli Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shule zote. Lakini Jjajja hakukijifunzia shuleni. Wakati wa Idi Amin Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na kilima cha Makindye, hapo juu tu ya paa letu, kilikuwa na gereza lao. Kiswahili kilikuja kugonga mlango wake usiku, kikaondoka na kaka yake. Kaka hakurudi. Na mimi nilikuwa nimemsimamia mlangoni, jua likiwa linazama, nikamsemesha kwa lugha ile ile.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda, nikapiga magoti kama wanavyofanya wanawake wa Kiganda, nikasema maneno niliyofundishwa na Nalongo: wasuze otya, Jjajja. Akaitika. Akaniuliza tumetoka wapi, nikasema Bukoba na Mwanza, Tanzania. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema neno moja: bakombozi.

Ndivyo walivyowaita wanajeshi wetu waliouteka mji tarehe 11 Aprili 1979. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, mgambo wa miaka ishirini na mbili, na mpaka anakufa hakutusimulia Kampala zaidi ya kusema kwamba ina vilima vingi. Jjajja alisimulia, Nalongo akinitafsiria. Alisema siku zile kijana mmoja aliyeloa jasho alisimama mbali na mlango, bunduki mgongoni, akaomba maji kwa Kiswahili. Jjajja alimpa akitetemeka. Kijana akanywa, akairudisha kata kwa mikono miwili, akasema asante mama. “Nilikuwa sijui,” alisema Jjajja, “kwamba lugha ile ina neno la asante.”

Sikumwambia habari za mjomba siku hiyo. Wala sitaki kusema alikuwa yeye; wanajeshi walikuwa maelfu. Lakini tangu hapo Jjajja alitusemesha, na ndiye aliyetufundisha karibu kila kitu kilichofuata.

Siku ya tatu umeme uliisha. Kwetu ungenunua LUKU. Kampala mita ya kulipia kabla inaitwa Yaka, yaani waka. Fundi alinunua kwa simu, akasoma namba ya mita kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani na mpangaji wa zamani, akaingiza tarakimu ishirini kwa tochi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mita ikakataa. Karatasi ile ilikuwa na namba ya mita ya Nalongo. Tulikuwa tumemnunulia jirani umeme wa wiki mbili, na kwetu giza, na pesa ya matumizi imekwenda. Nalongo alipojua alitaka kulipa papo hapo, na hakuwa nayo. Asubuhi tulikuta mlangoni gunia la mkaa limejaa mpaka shingoni na kikapu cha maharage. Fundi alitaka kukataa. Nikamwambia tukikataa mkaa huu hatutakuwa na jirani tena. Tukaupokea, na kwa mkaa huo tukapikia karibu mwezi.

Siku hiyo hiyo Fundi alikwenda Katwe kutafuta bolti. Katwe ni mtaa wa wahunzi na mafundi vyuma. Kutoka kwetu unausikia kabla hujauona, nyundo tangu alfajiri mpaka jioni, na humo hutengenezwa sigiri, majembe, mageti, mashine za popcorn, chochote cha chuma utakachokichora kwa kidole vumbini. Fundi alikuwa amebeba ubao mmoja wa kitanda kifuani kama anayebeba mtoto. Walimwelekeza kwa mzee mmoja aliyemwitikia kwa Kiswahili kizuri tu, cha kujifunza kazini miaka mingi kwa madereva wa malori wa Mombasa. Bolti za unene ule hakuwa nazo. Akakata nondo nyembamba, akazichonga meno ya nati moja moja, kumi na mbili, kazi ya mchana kutwa. Fundi alikaa pale akimshikia. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu stendi alikuwa anasimulia, tena mfululizo, jinsi yule mzee alivyopima kwa jicho na hakukosea.

Alikosea kitu kimoja. Bolti zilikuwa ndefu kuliko ubao kwa upana wa kidole. Kitanda kilisimama, imara, kimenyooka, mninga uling'aa kwenye mwanga wa mshumaa, lakini kila pembe ilikuwa na ncha ya chuma iliyotokeza. Fundi alisema atazikata kesho kutwa. Kesho ilikuwa siku ya ukaguzi wa nyumba, na tulidhani muda upo kabla mtoto hajaletwa.

Afisa wa ustawi alikuwa amepiga simu jioni. Fundi alipokea, wakazungumza Kiingereza. Akauliza saa ngapi, akaambiwa naini. Akaandika kwenye kalenda kwa herufi kubwa: saa tisa.

Kila mtoto wa Kiswahili anajua kwamba saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Waganda nao huhesabu vivyo hivyo. Ssaawa mwenda ya Nalongo ni saa tisa yangu ya alasiri, hatupishani hata dakika. Ni Kiingereza peke yake kinachoanzia usiku wa manane. Naini ya asubuhi ni saa tatu. Laiti yule mama angesema Kiganda, au Fundi angeuliza asubuhi au mchana! Lakini alikuwa amebabaika. Aliniambia baadaye kwamba alipoisikia ile sauti ya serikali kwenye simu aliona kama anaulizwa kama anafaa kuwa baba.

Basi asubuhi ile mvua ilinyesha, mvua ya Novemba ya Kampala, inayokuja kutoka upande wa ziwa ikiwa imeshaamua. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu usiku, nikabaki na jerikeni nusu. Nilikuwa nimeazimia kumkaribisha afisa kwa matooke, ili aone mtoto hatakosa chakula cha kwao. Kwetu Bukoba ebitoke huchemshwa na maharage au nyama, vipande kwa mchuzi wake, na nilivipika hivyo tangu nikiwa na miaka minane. Kwao si hivyo. Ndizi humenywa, hufungwa ndani ya majani ya mgomba, huwekwa juu ya vikonyo ndani ya sufuria ili zisiguse maji, zikaiva kwa mvuke taratibu, saa nyingi, kisha hukandwa kwa mikono zikiwa zingali ndani ya jani, moto mkali viganjani, halafu hurudishwa jikoni tena. Jjajja alikuwa amenionyesha jinsi ya kufunga. Aliniambia pia nichungulie maji. Sigiri niliiingiza ndani kwa sababu ya mvua, nikafungua dirisha, nikaenda kudeki chumbani kwa maji kidogo yaliyobaki.

Maji chini ya sufuria yalikauka. Majani yakaungua. Moshi wa jani la mgomba ni mzito, mweupe, unaingia machoni kama kitunguu. Fundi alikuwa chini ya kitanda anakaza nati, shati amevua. Ndoo tupu katikati ya sebule. Na mlango ukabishwa.

Ilikuwa saa tatu kamili. Mama wa makamo, mwavuli unachuruzika, faili ndani ya mfuko wa plastiki. Nilijua ni nani kabla hajasema. Nilisimama pale na tambara mkononi, machozi yananitoka kwa moshi na kwa mengine, nikafikiri: basi, mwaka mzima umeishia hapa, kwenye kizingiti.

Alivua viatu. Aliweka faili lake juu ya kiti kikavu. Akachukua tambara mkononi mwangu, akashika sufuria upande mmoja, akasema, “Nnyabo, shika huko,” tukaitoa nje chini ya mwembe, na mvua ikamaliza kuizima. Kisha akafungua madirisha yote mawili na mlango, akakaa, akasubiri hewa. Mimi nilipiga magoti kuomba radhi. Akasema niinuke nilete maji ya kunywa, nikamwambia ukweli kwamba hakuna. Akaandika.

Alikaa karibu saa mbili. Sijawahi kuulizwa maswali kama yale na mtu yeyote, hata na padri kabla ya ndoa. Mtoto akilia usiku, nani anaamka kwanza? Mmeshawahi kumpiga mtoto wa ndugu? Maji yakikatika mnapata wapi? Sigiri itakaa wapi mtoto akianza kukimbia? Akirudi Tanzania, nani atamwambia habari za baba yake, na kwa lugha gani? Fundi alijibu hilo la mwisho. Alisema yeye Kiganda hajui, lakini ana mwaka mmoja, na kwamba fundi anayeshindwa kujifunza kitu kwa mwaka mmoja si fundi. Afisa alimtazama, akaandika kwa muda mrefu.

Halafu aliinama kwenye kitanda. Alipapasa ubao wa kichwani, akasema mbao nzuri. Kisha kidole chake kikafika kwenye ncha ya bolti. Akapita pembe zote nne, moja moja, akizigusa. “Hapa ndipo jicho la mtoto linapofika akisimama,” alisema. “Mtoto haji mpaka hizi ziondoke.” Hakupandisha sauti. Alitueleza kwamba sheria inampa mlezi wa kambo wajibu ule ule wa matunzo alio nao mzazi, kuanzia siku ya kwanza, si kuanzia siku ya hukumu; kwamba atakuja tena na tena mwaka mzima, wakati mwingine bila kupiga simu; na kwamba haji kwa ajili yetu.

Alipoondoka nilikaa kwenye sakafu yenye unyevu. Haji kwa ajili yetu. Miezi yote ile nilikuwa nasema tunakwenda Kampala kumchukua mtoto. Kuchukua! Kama begi. Nami nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi ilivyo rahisi mtu mwenye haraka, asiye na nia mbaya, kuchukua kisicho chake akashuka nacho. Wale waliokuja zamani kwa wiki tatu na kuondoka na watoto, wengi wao nao waliamini kabisa kwamba wamekuja kwa upendo. Nani alikagua bolti zao?

Fundi hakula. Alizifungua bolti zote kumi na mbili, akarudi Katwe mvuani, na yule mzee akazikata, akazipiga tupa mpaka zikawa laini kama kokwa. Juu ya kila moja Fundi akachonga kifuniko cha mninga, akakibandika. Ilimchukua usiku mzima kwa mshumaa. Siku mbili baadaye afisa alikuja bila kupiga simu, akapitisha kidole pembe zote nne, akatia saini.

Mtoto aliletwa Jumamosi, siku yetu ya tisa. Nilikuwa nimemtembelea mara mbili kabla, ya mwisho miezi minne nyuma, na nilidhani namfahamu. Alishuka kwenye gari akiwa ameshika mkono wa mlezi wake, miaka miwili na miezi minne, nywele zimenyolewa, gauni la njano. Nalongo na wanawake wa safu nzima walipiga vigelegele, wakasema tukusanyukidde. Mtoto akanitazama akaniita maama.

Moyo wangu ulipaa. Nilimkumbatia nikamwonyesha Fundi kwa macho: umesikia? Dakika moja baadaye alimwita Nalongo maama. Akamwita Hajjati maama. Akamwita maama msichana aliyepita na ndoo kichwani. Kwenye nyumba ile ya watoto kila mwanamke anayekunyanyua, anayekuogesha, anayeingia kazini asubuhi na kutoka jioni, ni maama. Ni neno la kuombea kitu, na alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba kuna mmoja asiyetoka jioni. Hapo nilielewa mwaka ule ni wa nani. Ukuu wangu wa mama mkubwa, niliozaliwa nao, niliokuja nao kifua mbele, yeye hakuwa na habari nao hata kidogo.

Mchana alikataa kila kitu. Matooke nilikuwa nimeyapika na Jjajja pembeni yangu, yameiva kama inavyotakiwa, akasema nedda. Uji, nedda. Ugali, ambao huku ni posho na wengi wanaujua kwa shule na kambi za jeshi, hakutaka hata kuutazama. Ni Fundi aliyekumbuka kifurushi cha dagaa wa Mwanza. Nikawatwanga, nikawapika kwa karanga kama Nalongo alivyonielekeza, na mtoto akasogea mwenyewe, akanusa, akasema mukene. Ni samaki yule yule wa ziwa lile lile. Upande wetu ni dagaa, upande wao ni mukene. Alikula sahani nzima akiwa amekaa kwenye goti la Fundi, na Fundi hakusogeza mguu mpaka ulipokufa ganzi.

Begi la buluu lilirudi jioni hiyo hiyo. Kwenye daftari la mauzo mlikuwa na namba ya simu. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa Masaka, na alilia kwenye simu kwa furaha ya daftari lake kuliko sisi kwa begi letu. Vyote vilikuwemo. Nilichukua vile viatu vya ngozi nikamvalisha. Havikuingia. Nilipima mguu ule mwenyewe miezi minne nyuma, kwa uzi, na mguu haukutungoja.

Usiku tulimlaza kwenye kitanda cha mninga, chandarua juu, shuka jipya. Alilala robo saa. Kisha alipiga kelele ambazo sijawahi kusikia kwa mtoto mwingine. Tangu aanze kukumbuka amelala akisikia pumzi za watoto ishirini, na sasa alikuwa peke yake ndani ya fito, kwenye giza, na pumzi hakuna. Nilimbeba, haikusaidia. Nikamwimbia Kihaya, haikusaidia. Fundi alikitazama kitanda chake muda mrefu. Halafu akakunja blanketi lile lililosafiri na mbao, akalitandika sakafuni, akashusha godoro dogo, akashusha na letu, akakifungua chandarua akakitundika chini juu yetu sote watatu. Mtoto katikati. Kitanda kikabaki ukutani, kitupu, pembe zake laini.

Alitulia polepole. Usiku wa manane, au saa sita yetu, nilihisi kidole kwenye kidevu changu. Alikuwa amekaa. Hakuita maama. Alisema neno moja, kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama mahali hapa huwa linasikika: amazzi.

Niliinuka, nikapapasa giza mpaka kwenye jerikeni, nikajaza kile kikombe chenye mfuniko kilichotoka Masaka. Alikishika kwa mikono miwili. Alikunywa nusu, akapumua, kisha akakisukuma nusu iliyobaki mpaka kwenye mdomo wa Fundi aliyelala.